Neno la Mwisho

Mwezi uliopita kijana mmoja ninayefanya naye kazi ya tafsiri aliniletea kijikaratasi cha hospitali nikipitie kabla hakijachapwa. Kilikuwa cha kuwaeleza wagonjwa wenye uvimbe shingoni au kwenye titi jinsi watakavyopimwa. Programu ya kompyuta ilikuwa imekitafsiri kutoka Kiingereza kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai, na sehemu kubwa ilisomeka vizuri. Kisha nikafika mahali palipoandikwa kwamba mgonjwa atachomwa "sindano ya faini".

Kijana alicheka, nami nikacheka naye. Lakini msomaji aliyekusudiwa asingecheka. Mtu aliyeuza kuku wake apate nauli ya kwenda hospitali, akiambiwa huko kuna sindano ya faini, ataamini. Atakachouliza ni shilingi ngapi.

Kiingereza kilisema 'fine needle', yaani sindano nyembamba. Programu ilijua kwamba 'fine' ni faini, na kweli ni faini, ila si pale. Neno lenyewe si gumu sana. Kwa wingi wa maana halifiki popote karibu na kitenzi 'run', ambacho wahariri wa Kamusi ya Oxford wamekihesabia maana 645. Hata hivyo 'fine' ni miongoni mwa maneno ya kwanza ya Kiingereza niliyotamka maishani, na limenikuta katika karibu kila kazi niliyoshika, kila mara likimaanisha kitu kingine. Kijana aliniomba nimwandikie orodha ya visawe vyake aibandike mezani kwake. Nimeona ni afadhali nimsimulie nilivyokutana nalo.

Tulianza Kiingereza darasa la tatu, mimi na wenzangu, katika shule ya msingi kwenye mteremko wa Kilimanjaro, miaka ya sabini. Masomo mengine yote yalikuwa kwa Kiswahili. Kiingereza kilikuwa kipindi, na kipindi hicho kilianza kwa wimbo ambao haukuitwa wimbo. Mwalimu aliingia, tukasimama, akatuuliza hali, nasi tukajibu kwa pamoja: "We are fine, thank you, teacher." Kisha tukakaa. Hakuna aliyejua neno lipi kati ya hayo ndilo lililobeba afya yetu. Tulijua tu kwamba likishasemwa tunaruhusiwa kukaa.

Asubuhi moja kijana wa dawati la mbele alijibu pamoja nasi, tena kwa sauti, huku meno yakigongana. Mwalimu alikuwa ameshageukia ubao. Aliporudisha macho akamwona, akamwendea, akamshika shingo kwa mgongo wa mkono, akaacha Kiingereza chake hapo hapo.

"Hujambo, baba?"

"Sijambo, Mwalimu, ila kichwa kinaniuma, na usiku nilitapika."

Alikuwa na malaria. Alipelekwa zahanati mgongoni kwa mwanafunzi wa darasa la saba, akarudi shuleni baada ya wiki. Nilichobaki nacho ni ile "ila". "Sijambo" maana yake ni sina jambo, na bado mtoto aliweza kuisema kisha akaanza kuhesabu mambo aliyonayo. Salamu yetu ina mlango huo. Mtu huanza kwa nzuri, halafu akaeleza kwamba ng'ombe amekufa. Kiingereza tulichofundishwa hakikuwa na "ila". Baada ya 'fine' lilikuja "asante", baada ya asante ikaja "mwalimu", na baada ya mwalimu ikaja nukta. Kwa hiyo kabla sijajua maana ya neno hilo nilijua kazi yake: linafunika, kama mfuniko wa chungu, na aliyelisema hategemewi kuendelea.

Sekondari nilipewa maana. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa na mapenzi makubwa na visawe, na kila Ijumaa alitupa neno moja tulitafutie ndugu zake. Zamu ya 'fine' ilipofika tulijaza ubao: nzuri, bora, safi, njema, nyembamba, ndogo ndogo, laini, angavu, na pembeni kabisa, peke yake, adhabu ya fedha. Tulinakili, tukakariri, tukaulizwa kwenye mtihani, tukapata alama. Orodha ile haikusema hizo ndugu zilikutana wapi, wala kama zinaelewana.

Niligundua kwamba hazielewani nilipomaliza kidato cha nne. Nikisubiri matokeo, mjomba wangu, mkandarasi mdogo wa pale Moshi, alinipa kazi ya kutunza stoo ya eneo la ujenzi. Nilipokea saruji, nondo, mbao na mchanga, nikaandika kila kilichoingia na kila kilichotoka. Karatasi za mhandisi zilikuwa za Kiingereza, na mchanga humo uligawanywa mara mbili, 'fine' na 'coarse'. Kwa wahandisi mpaka ni tundu la chekecheo: kinachopita kwenye tundu la milimita 5 ni upande mmoja, kinachobaki juu ni upande wa pili. Kwa lugha ya eneo letu la ujenzi, kinachopita ni mchanga na kinachobaki ni kokoto. Na mchanga wenyewe, fundi mkuu hakuwahi kuuita laini wala mnene. Aliuita kwa kazi yake. Huu wa plasta, huu wa zege, huu wa kujengea.

Siku moja lori lilileta mchanga ambao ulikuwa karibu vumbi. Dereva alishusha karatasi yenye neno 'fine', akaligonga kwa kidole. Fundi akachota kiganja kimoja, akausugua, akaonyesha mkono uliobaki umechafuka kama wa mtu aliyeshika unga, akasema haupokei.

"Si mmeomba laini?"

"Tumeomba wa plasta. Huu utaninywea maji na saruji yote, na ukuta ukikauka utapasuka."

Alikuwa sahihi, na baadaye nilisoma kwa nini. Chembe zikiwa ndogo mno, jumla ya nyuso zake huwa kubwa, na kila uso unadai maji na saruji ya kuufunika. Maji ya ziada yakikauka, plasta hujikunja na kupasuka. Kwa hiyo mchanga unaweza kuwa 'fine' kupita kiasi, na ukifika hapo si mzuri tena. Zile ndugu mbili za ubaoni, laini na nzuri, ziligombana mbele yangu juu ya tuta la mchanga, na orodha ya Ijumaa haikuwa na la kusema. Aliyeamua ni mtu aliyejua ukuta utakavyokuwa baada ya kukauka. Tangu hapo nikikuta kivumishi kwenye hati, huwa ninatafuta kwanza nani atakifanyia kazi.

Kisa cha tatu ni cha kwaya. Nilipoanza kazi Moshi nilijiunga na kwaya ya usharika, sauti ya pili. Nyimbo zetu ziliandikwa kwa nota za solfa kwa mkono, zikapigwa chapa kwa mashine ya wino, na wino ukikolea do na so zilifanana. Katika wimbo mmoja mpya, katikati ya ukurasa, juu ya mstari, paliandikwa neno 'Fine', na mwisho wa ukurasa herufi D.C. Baadhi ya wenzetu waliosoma Kiingereza walilitamka "fain" na kulielewa hivyo hivyo: mtunzi anataka hapa paimbwe kwa uzuri. Basi kila tulipofika pale sauti ya nne walivimba vifua.

Mwalimu wa kwaya alituacha turudie kidogo, kisha akatusimamisha. Akasema hilo ni neno la Kiitaliano, linatamkwa "fine" kama linavyoandikwa, kama Mswahili angelisoma, na maana yake ni mwisho. D.C. inakurudisha mwanzo wa wimbo, unaimba tena, na ukifika pale katikati unakoma. Mahali ambapo tulikuwa tukijitutumua kumbe ndipo palipotakiwa kimya.

Kama ni mimi peke yangu ningeishia kucheka. Lakini mwalimu yule alikuwa amesoma seminari na alijua Kilatini kidogo, akaongeza kwamba la Kiingereza na la Kiitaliano ni wa baba mmoja. Neno la Kilatini 'finis' ni mwisho, kikomo, mpaka. Kifaransa cha kale kililichukua, Kiingereza kikalipokea kutoka huko. Kitu kilichofikishwa mwisho wake, kilichomalizwa kazi yote iliyopaswa kukifanyia, ndicho kilichoitwa 'fine'. Nguo iliyofumwa hadi ikakamilika. Unga uliosagwa hadi pasiwepo cha kusagwa tena.

Miaka michache baadaye, nikinunua pete ya harusi kwa sonara, niliona maana hiyo kwa macho. Ndani ya pete palikuwa na mhuri wa namba 916. Nilimuuliza ni nini. Akanieleza kwamba katika kila sehemu 1000 za pete hiyo, 916 ni dhahabu na zilizobaki ni madini mengine ya kuipa ugumu. Hiyo ndiyo karati 22. Dhahabu iliyosafishwa hadi mwisho huandikwa 999 au 999.9, na hiyo ni laini mno kwa pete, itapinda. Kiingereza kinaita kipimo hicho cha usafi kwa neno lile lile, 'fineness'. Nikakumbuka mchanga wa mjomba. Hapa pia kitu kilichofikishwa mwisho kabisa wa sifa yake hakikufaa kwa kazi yangu.

Ila mahali ambapo neno hili lilinishughulisha zaidi ni mahakamani. Niliajiriwa kama karani wa mahakama ya wilaya, na mara nyingi nilikaa kiti cha mkalimani. Wakati huo mashahidi walisema Kiswahili, au lugha za nyumbani kwao, na kumbukumbu ziliandikwa kwa Kiingereza. Hali hiyo iliendelea hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama. Katika adhabu, neno 'fine' halikuhitaji tafsiri yoyote. Lilikuwa limeshaingia kwetu zamani likawa faini, na hata bibi asiyejua neno jingine la Kiingereza alilijua hilo. Kati ya maana zote zilizojaa ubao wa sekondari, Waswahili tuliichukua moja tu, ile iliyokuwa imesimama pembeni peke yake. Nafikiri sababu si ngumu kuiona. Mkoloni alitusalimu mara chache kuliko alivyotutoza.

Mzee mmoja alishtakiwa kwa kumpiga jirani yake katika ugomvi wa mpaka wa shamba. Alikiri. Hakimu akamhukumu faini au kifungo, mzee akahesabu noti zake, akalipa, akapewa stakabadhi. Kisha hakuondoka. Alibaki amesimama akitazama huku na huku, na hakimu akanitaka nimuulize ana shida gani.

"Nimelipa," akasema. "Mwenzangu yuko wapi?"

Ilinibidi nimweleze kwamba faini inaingia serikalini, na kwamba fedha ya kumpoza aliyeumizwa ni jambo jingine linaloitwa fidia. Mwenzake alikuwa ameshapanda basi. Mzee aliitazama ile stakabadhi, akasema jambo kwa Kichaga ambalo sikulitafsiri kwa sababu hakimu hakuniuliza. Alisema: basi bado hatujamaliza.

Nilielewa alichokuwa akitafuta, kwa sababu nilikua nikikiona. Nyumbani kwetu kihamba kimoja hutenganishwa na kingine kwa masale, ule mmea wa majani marefu membamba unaokatwa ukachomekwa ukaota. Ukiona mstari wa masale umeona mpaka. Lakini jani la isale lina kazi nyingine. Aliyekosa akimtumia aliyemkosea jani hilo, ameomba msamaha, na kulikataa ni jambo zito. Wazee walipoketi kusuluhisha, walimtoza mkosaji labda mbuzi, labda mbege, na waliogombana walikula na kunywa pamoja mbele ya watu. Hiyo ndiyo faini aliyoijua yule mzee. Ilikuwa inalipwa kwa aliyekosewa, ikaliwa na wote, na baada ya hapo kulitaja lile jambo tena ilikuwa aibu.

Nilipokuwa nikijiandaa kwa masomo ya juu ya tafsiri nilisoma historia ya neno hili katika sheria ya Uingereza, na nikamkumbuka mzee wangu karibu kila ukurasa. Huko Uingereza ya kale adhabu ya fedha iliyoshushwa na mahakama ilikuwa na jina jingine. 'Fine' ilikuwa malipo ya makubaliano: watu walipatana kiasi, kikalipwa, jambo likafika mwisho. Maandishi ya Kilatini ya wakati huo yalisema mtu "amefanya mwisho". Zaidi ya hapo, neno hilo lilikuwa hasa la mambo ya ardhi. Kuanzia mwaka 1195 mapatano ya mwisho kuhusu shamba yaliandikwa mara tatu kwenye kipande kimoja cha ngozi, kikakatwa kwa mstari wa mawimbi. Kila upande ukachukua nakala, na ile ya chini, iliyoitwa mguu, ikabaki kwa mahakama, ili siku mtu akileta hati ya uongo, mawimbi yakatae kulingana. Utaratibu huo ulidumu hadi sheria ya mwaka 1833 ilipoufuta, na ile miguu ya ngozi imehifadhiwa hadi leo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Kew, London.

Kwa hiyo 'finis' ilikuwa mpaka wa shamba na ilikuwa mwisho wa ugomvi. Na isale ni mpaka wa shamba na ni mwisho wa ugomvi. Sidai kwamba Mchaga na Mrumi waliwahi kuulizana. Nadhani watu wanaoishi kwa kulima ardhi iliyobanana, popote walipo, hujifunza kwamba mpaka na amani ni kitu kimoja kinachotazamwa kutoka pande mbili. Lakini Waingereza wakati wanatuletea faini walikuwa wameshaipunguza. Walituletea malipo bila mapatano, stakabadhi bila mwenzako. Wale wanaotozwa faini barabarani wanaelewa: fedha imetoka, hasira imebaki.

Masomo hayo yalinipeleka Leeds, kaskazini mwa Uingereza, miaka ya mwanzo ya karne hii. Nilifika nikidhani hili neno nimelimaliza. Wiki za kwanza nilialikwa chai nyumbani kwa mama mmoja wa kanisani. Alizunguka na birika akimuuliza kila mgeni kama ataongezewa. Mwanafunzi aliyekaa karibu nami, mzaliwa wa huko, akajibu kwa tabasamu: "I'm fine." Birika likampita. Kwa kamusi yoyote niliyokuwa nayo, jibu lile lilikuwa ni habari ya afya. Kwa yule mama lilikuwa hapana, na lilikuwa hapana yenye adabu. Maana iliyokuwa imejificha ndani yake ni ile ile ya zamani: nimefika kikomo changu, usiongeze.

Nyingine niliisikia katika chumba tulichosomea. Wanawake wawili walitofautiana kuhusu dirisha, mmoja akitaka hewa, mwingine akiona baridi. Wa kwanza alieleza sababu zake kwa kirefu. Wa pili akamsikiliza, kisha akasema neno moja, "Fine", sauti ikishuka kama inayowekwa sakafuni, akavaa koti lake na kuendelea kusoma. Dirisha likabaki wazi. Hawakusemeshana hadi mvua zilipogeuka theluji. Mgeni yeyote mwenye orodha ya visawe angeapa kwamba wamekubaliana vizuri sana.

Kwa muda nilijiona nimepata tofauti kati yetu na wao: sisi tuna "ila", wao wana nukta. Kisha siku moja nikampigia simu mama yangu, nikamweleza kwamba sitaweza kurudi Krismasi. Alinyamaza kidogo.

"Haya," akasema.

Ndipo nikajua kwamba nadharia yangu imekufa. Kila mtoto wa Kitanzania anaijua ile "haya". Si kukubali na si kukataa. Ni mzazi anafunga kikao. Tunayo pia "sawa", ambayo kwenye kamusi ni ulinganifu, usahihi, ridhaa. Mume wangu anaweza kuwatolea semina kuhusu "sawa" inayotoka kinywani mwangu nikiwa nakunja nguo bila kumtazama. Kiswahili hakikukosa neno la kufunga. Kimeliweka mahali pengine. Sisi salamu tunaiacha wazi, tukauliza habari za nyumbani, za watoto, za safari, lakini mabishano tunayafunga kwa neno moja kama wao. Watu wote wanahitaji kumaliza jambo. Kinachotofautiana ni jambo lipi kila lugha inaona ni heshima kulimaliza haraka.

Nilirudi nikaacha mahakama, nikawa mfasiri. Baada ya miaka kadhaa nilipapasa shingo nikakuta uvimbe. Daktari wa hospitali moja ya Dar es Salaam aliandika kwenye fomu maneno yale yale ambayo yangekuja kunirudia kwenye kijikaratasi, 'fine needle aspiration', akaniambia niende chumba cha pili. Nilijua kila neno, na mikono ilinitoka jasho. Muuguzi aliyenipokea hakuisoma fomu kwa sauti. Alinionyesha sindano yenyewe.

"Ni kasindano kembamba, mama. Kembamba kuliko kale ka kutolea damu."

Baadaye nilijua kwamba alikuwa amenipa taarifa kamili kuliko fomu. Sindano hupimwa kwa namba, na namba ikipanda unene unapungua. Damu mara nyingi hutolewa kwa namba 21, yenye unene wa kama milimita 0.8, na kipimo kile hutumia kuanzia namba 22 kwenda juu. Namba 25 ni kama nusu milimita. Kinachofyonzwa ni chembe chache tu za kutazamwa kwa hadubini, ndiyo maana tundu kubwa halihitajiki. Muuguzi hakutaja namba hata moja. Alichukua kitu ninachokijua, akaniambia hiki ni chembamba kuliko hicho, na mikono yangu ikakauka. Fundi wa plasta angemkubali.

Uvimbe haukuwa na ubaya. Kabla majibu hayajatoka, binti yangu aliyeko Kanada aliniandikia: "Mama, uko sawa?" Nikamjibu niko sawa. Simu ikaita hapo hapo.

"Sawa ya kweli, au ya kufunga mjadala?"

Sijui nani alimfundisha. Hakuna kamusi yenye vipengele hivyo viwili, na mtihani ungemkosesha. Lakini ndiyo tafsiri bora niliyowahi kufanyiwa, kwa sababu hakuuliza neno lina maana gani. Aliuliza ninamaliza nini kwa kulisema.

Hilo ndilo ninalotaka kijana wangu alibebe kutoka katika haya yote. Laini, safi, nyembamba, nzuri, faini, hapana asante, basi yaishe: kwenye orodha ni vitu saba visivyojuana. Ukiviuliza kipi kimefikishwa mwisho, vinajuana. Kwenye mchanga kimemalizwa kuchekechwa, kwenye dhahabu kimemalizwa kusafishwa, kwenye sindano wembamba umefikishwa unapoweza kufika, kwenye chai kiu imekwisha, kwenye dirisha subira imekwisha. Mahakamani kesi imekwisha, hata kama ugomvi haujaisha. Mwenye swali hilo hahitaji kukariri, na hawezi kuandika sindano ya faini, kwa sababu atajiuliza ni kesi gani sindano hiyo inaimaliza, ataona hakuna, ataendelea kutafuta.

Kwa walimu nina ombi dogo kuliko hilo. Zoezi la "andika visawe vitano vya neno hili" bado lipo, na watoto bado wanapata alama kamili kwa kulijibu. Wapeni sentensi tano badala yake, na katika kila moja waambieni nani anasema, anamwambia nani, na ana nini mkononi: karatasi ya lori, birika, sindano. Darasa litachukua muda mrefu zaidi. Lakini mtoto aliyefundishwa hivyo akimsikia mwenzake anatetemeka huku akisema "fine", atageuka kumtazama.

Kijikaratasi kimeshachapwa, na kinasema sindano ni nyembamba kuliko ya kutolea damu. Wiki hii kijana amepewa kazi ya upande wa pili: mahojiano ya Kiswahili, waliohojiwa ni wakulima waliohamishwa kupisha barabara, yapelekwe kwenye Kiingereza. Amenionyesha maandishi yake. Karibu kila ukurasa afisa anaeleza malipo yatakavyokuwa, na mkulima anajibu "sawa". Programu imeshaziandika zote, bila kubagua, kuwa ni ridhaa. Nimemwambia afunge maandishi, atafute rekodi za sauti, akae nazo hadi ajue ni sawa zipi zilizokubali na zipi zilizokata tamaa.